Soksi na soli za ndani za viatu: namna ya kuzifanya zidumu kwenye unyevu wa Pwani

Nunua jozi sita za soksi mwezi wa Februari, uzivae kazini Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja. Masika yakiisha, jozi mbili tu ndizo utakazothubutu kubaki nazo miguuni ukishavua viatu mlangoni kwa watu. Nyingine zimelegea shingo, zimetoboka kisigino, au zina ule uvundo usiotoka hata ukifua mara tatu. Lawama humwangukia mmachinga aliyeziuza, na mara nyingine anastahili. Lakini soksi za namna ileile zikivaliwa Dodoma, kwenye hewa kavu, hudumu kuliko hapa. Watu wa Pwani wanafua sana, kwa hiyo kufua si tatizo. Tatizo ni kwamba vitu havikauki mpaka ndani kabla ya kuvaliwa tena.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kiatu kimoja cha kazi au cha shule, anayekivaa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa au Jumamosi, anayefulia kwenye beseni na kuanika kwenye kamba. Mwenye jozi tano za viatu na mashine ya kukaushia nguo anaweza kuishia hapa. Na ninaposema soli ya ndani nakusudia ile pedi nyembamba unayoikanyaga ndani ya kiatu. Kwenye raba nyingi huchomoka kwa mkono; kwenye viatu vya ngozi vya bei ndogo huwa imebandikwa kwa gundi.

Kwanza ujue kinachoziua

Nyayo zetu mbili zina tezi za jasho zipatazo 250,000. Jasho lenyewe halinuki. Ni maji, chumvi na vitu vingine vidogo, na harufu hutokea pale bakteria wa ngozini wanapovila vitu hivyo. Maji yakikauka, chumvi hubaki kwenye nyuzi za soksi na kwenye sponji ya soli, na hapo ndipo Pwani inapoachana na bara.

Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75. Kila jiko la Pwani linalijua jambo hili, ndiyo maana watu hutia punje za mchele kwenye kikopo cha chumvi na bado masika yakifika chumvi inatota. Asubuhi za Aprili unyevu wa hewa hupita asilimia 80 bila taabu. Maana yake soli iliyokusanya jasho la mwezi mzima, hata ukiichomoa ikalala mezani usiku kucha, alfajiri inanyonya unyevu upya, nawe unaivaa ikiwa mbichi. Ngozi iliyolowa hung'ang'ania kitambaa zaidi kuliko ngozi kavu, kwa hiyo kisigino kinasugua soksi kila hatua, na mchanga wa vichochoroni ulioingia kiatuni unamalizia kazi kama msasa. Wakati huohuo ukungu unakula nyuzi za pamba, na gundi ya soli inaanza kuachia.

Kwa hiyo kazi ni mbili: kuitoa chumvi na kupitisha hewa. Karibu kila utakachosoma hapa chini kinarudi kwenye mojawapo.

Hatua ya 1: Jioni, tenganisha vitu vitatu

Ukivua viatu, usiviache kama vilivyo. Legeza kamba mpaka tundu za mwisho, vuta ulimi wa kiatu mbele, chomoa soli ya ndani. Soksi zitundikwe peke yake, hata kama ni chafu na zitafuliwa kesho. Ile tabia ya kuzikunja na kuzisokomeza ndani ya kiatu ili zisipotee huviharibu vyote vitatu kwa mpigo mmoja. Tenga la nguo chafu nalo lisubiri; soksi yenye jasho ikizikwa chini ya mashati inaanza kuvunda usiku huohuo.

Soli isimamishwe kwa ubavu ikiegemea ukuta, ili hewa ipite pande zote mbili. Upande wa chini hukauka mwisho, na ndio unaoanza ukungu. Kiatu kilazwe mdomo ukitazama feni. Hewa inayotembea inakausha kuliko joto lililotulia: feni ya mezani ikipuliza mdomo wa kiatu kwa saa moja au mbili inafanya kazi kuliko usiku mzima chini ya kitanda, mahali ambapo sakafu ya saruji yenyewe ina ubaridi na unyevu. Umeme ukikatika, dirishani penye wavu panafaa.

Wenye friji ya zamani, yenye mabomba meusi mgongoni, wana mashine ya kukaushia bila kujijua. Hewa inayotoka pale ni vuguvugu na kavu. Weka viatu kando yake sakafuni, usizibe mgongo wa friji.

Jiko la mkaa usilijaribu. Gundi hulainika, sponji hujikunja, ngozi hupasuka, na kuingiza jiko linalowaka chumbani ukafunga mlango ni hatari kwa maisha yako. Dashibodi ya gari juani nayo hukunja soli za sponji.

Kama soli imebandikwa, jaribu kuinua ukingo wa kisigino kwa kucha. Ikikubali, endelea taratibu kuelekea vidoleni. Isipokubali, mpelekee fundi viatu na mwambie mapema kwamba akiirudisha asipake gundi, maana mazoea ya mkono wake ni kupaka. Soli ya kadibodi iliyofunikwa ngozi nyembamba huchanika ikibanduliwa. Hiyo iache palepale, uweke nyingine nyembamba juu yake, na hiyo ya juu ndiyo utakayokuwa unaitoa.

Hatua ya 2: Kiatu kimoja, soli mbili

Kama utafuata hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Watu hushauriwa kuwa na viatu jozi mbili na kuvipokezana, ushauri mzuri kwa mwenye pesa. Lakini sehemu kubwa ya jasho hunywewa na soksi na soli, kiatu chenyewe hubakiwa na kidogo. Jozi ya pili ya soli ni rahisi mno kuliko jozi ya pili ya viatu. Jumatatu unavaa ya kwanza, Jumanne ya pili, Jumatano unarudi kwenye ya kwanza, ambayo imepumzika tangu Jumatatu jioni, saa 36 hivi. Zitie alama kwa kalamu ya wino upande wa chini usije ukazichanganya.

Ukienda kununua, usidanganywe na ulaini. Sponji nyepesi ngumu kidogo, ile ya EVA inayofanana na ndala nyepesi, ina vishimo vilivyofungika. Maji hayazami ndani, unaifuta na kuikausha haraka. Sponji laini ya poliyurethani ina vishimo vilivyo wazi. Dukani inapendeza chini ya kidole, nyumbani inanyonya kila kitu. Kipimo ni tone la maji upande wa chini: likibaki juu, hiyo soli itakauka, likizama, utahangaika nayo masika yote. Za ngozi ni nzuri kwa viatu vya ofisini, zinataka kivuli na uvumilivu. Za jeli hazipitishi hewa hata kidogo, ziache, labda kama daktari amekuandikia.

Unaweza pia kushona mwenyewe kutoka kwenye suruali ya jinzi iliyochakaa magoti. Mapaja ya jinzi huwa bado mazima.

1. Fua na ukaushe jinzi na kipande cha taulo la zamani kabla ya kukata, kama kusinyaa visinyae sasa.
2. Weka soli ya zamani juu ya karatasi ngumu, chora, kata. Kwa mguu wa pili geuza karatasi hiyohiyo.
3. Kata tabaka mbili za jinzi na moja ya taulo kwa kila mguu. Taulo linakaa katikati.
4. Shona kuzunguka ukingo, kisha mistari ya kwenda urefu wa soli, upana wa kidole gumba kati ya mstari na mstari. Bila mistari hiyo tabaka hujikusanya vidoleni baada ya siku chache.
5. Malizia ukingo kwa zigizaga ya cherehani. Usikunje pindo: uvimbe wa pindo utakutoa malengelenge.

Huna cherehani, fundi yeyote wa mtaani atakushonea jozi mbili akisubiri mteja mwingine. Uzuri wa soli hizi ni kwamba zinafuliwa pamoja na soksi na zinavumilia maji ya moto. Ubaya wake ni kwamba hazina mdundo. Mlinzi au muuguzi anayesimama zamu nzima aziweke juu ya soli ya sponji, ikiwa kiatu kina nafasi. Kikikaza, acha, kiatu kinachobana hutoboa soksi kuliko jasho.

Hatua ya 3: Kufua kwa ajili ya kutoa chumvi

Geuza soksi ndani nje. Uchafu wenyewe uko ndani: jasho, mafuta ya mwili, vipande vya ngozi iliyokufa. Kung'uta mchanga. Kisha, kabla ya sabuni, zipitishe kwenye maji matupu na kuzibonyezabonyeza. Chumvi huyeyuka kwenye maji tu, haihitaji sabuni, na maji ya kwanza yakishatoka utaona sabuni inavyotoa povu kirahisi.

Loweka nusu saa, si usiku kucha. Katika joto letu beseni la soksi lililolala mpaka asubuhi linakuwa shamba la bakteria. Sugua kitambaa kwa kitambaa. Brashi ngumu iache kwa ajili ya ukosi wa shati.

Suala kubwa ni suuzo la mwisho. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na unayajua kwa sabuni kugoma kutoa povu. Ukisuuza soksi kwa maji hayo, umetoa chumvi ya jasho ukaweka ya kisima, na zitakuwa na unyevunyevu hata zikianikwa siku mbili. Fua kwa maji ya kisima ukipenda, lakini suuzo la mwisho liwe la maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua. Masika yenyewe yanakuletea dawa: acha mvua ya kwanza isafishe bati, kisha kinga ndoo. Ndoo moja inatosha soksi za wiki za familia nzima.

Uvundo uliokomaa unatolewa na siki nyeupe, nusu kikombe kwenye nusu ndoo ya maji, dakika 20, kisha suuza. Siki isikutane na jiki hata kidogo, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Nalo jiki ndilo adui wa soksi nyeupe za wanafunzi. Linang'arisha pamba, ni kweli, lakini huku likiila lastiki ya shingo na kugeuza nailoni kuwa njano. Mama anayeona soksi za mwanawe zinateremka mpaka kwenye kiatu baada ya miezi miwili aangalie chupa ya jiki kwanza. Kwa weupe, paka sabuni ya mche, kamulia limau sehemu ya unyayo, weka juani saa moja, suuza. Dawa za kulainisha nguo pia ziache: hupaka nyuzi utando, soksi ikashindwa kunyonya jasho.

Usizinyonge wakati wa kukamua. Zilaze juu ya taulo kavu, kunja taulo kama mkeka, kanyaga. Lastiki haiguswi, na maji mengi yanabaki kwenye taulo.

Hatua ya 4: Kuanika, na hasa kuanua

Fua asubuhi. Soksi zilizofuliwa jioni ya masika zinaanza maisha yake zikiwa zimeshachelewa. Bana kibanio sehemu ya vidole, si shingoni, na acha nafasi ya kiganja kati ya soksi na soksi. Jua kali la muda mfupi linasaidia dhidi ya fangasi. Jua la kutwa linaua lastiki na rangi. Mimi naona nusu saa ya jua, halafu kivuli chenye upepo, ndiyo kipimo kizuri.

Kuanua ndiko kunakosahaulika. Jua likianza kushuka, unyevu wa hewa hupanda, na soksi iliyokuwa kavu saa kumi jioni ina ubaridi tena saa moja usiku. Anua kabla ya magharibi. Kujua kama imekauka, iweke sehemu ya kidole shavuni. Vidole vya mkono hudanganyika, shavu huhisi ubaridi wa maji mara moja. Mvua isipokatika, anika ndani chini ya feni, chache kwa zamu.

Kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au kutandazwa juu ya majani na mchanga. Funza wake huingia ngozini na kuonekana kama jipu. Soksi zikianikwa nje na kuanuliwa hazijakauka sawasawa, zipigwe pasi pande zote mbili, sehemu ya unyayo na vidole. Shingo pitisha pasi ya vuguvugu, haraka.

Kabatini zilaze mbili mbili, bapa. Kuzifunga kuwa mpira kwa kuvuta shingo ya moja juu ya nyingine ni kuinyoosha lastiki siku zote saba za wiki.

Hatua ya 5: Kuosha soli

Mara moja kwa wiki mbili inatosha, wakati wa joto kali kila wiki. Soli ya sponji ngumu: maji matupu, brashi laini yenye sabuni, suuza, ikandamize kati ya taulo, isimamishe kivulini. Ya ngozi haizamishwi. Ifute kwa kitambaa kilicholowa kikakamuliwa, mara mbili tatu, ukibadilisha maji. Sponji laini ioshe siku ya jua tu, na uwe na nyingine ya kuvaa, maana inaweza kumaliza siku mbili. Kadibodi haioshwi. Ikishanuka, badilisha.

Kiatu kikilowa chote

Mvua ya Dar haiulizi. Kikilowa, kwanza suuza mchanga na tope kwa maji safi, toa soli, toa kamba, kisha jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa. Watu wengi hujaza na kulala. Gazeti la kwanza hujaa maji ndani ya saa moja, na baada ya hapo linakuwa linatunza unyevu. Libadilishe kila saa mpaka utakapolala, kisha litoe kabisa, feni imalizie. Kilichoingia maji ya bahari kisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi hata kama kinaonekana kisafi.

Maji ya mafuriko ni habari nyingine, kwa sababu vyoo huwa vimechanganyika humo. Soksi za pamba zipate maji ya moto, raba zioshwe kwa sabuni mara mbili, na soli za sponji laini na kadibodi zitupwe. Hazisafishiki ndani.

Vinavyotiwa kiatuni

Ushauri wa kutia chumvi kiatuni umetoka mahali penye hewa kavu. Hapa, kwa sababu uliyoisoma juu, chumvi italowa yenyewe na kuilowesha soli. Mchele unanyonya kidogo sana, afadhali uupike. Mkaa hupunguza harufu, mradi uwe mkavu: tia vipande kwenye soksi iliyobaki peke yake, funga, weka kiatuni usiku, na kila wiki uanike juani. Soda ya kuokea mikate inasaidia harufu pia, kijiko kimoja usiku, kung'uta asubuhi. Poda ipake mguuni, kidogo, katikati ya vidole. Ukiimwaga kiatuni inachanganyika na jasho na kuwa uji mgumu unaoziba kitambaa cha soli. Vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi hufanya kazi ndani ya chombo kilichofungwa tu. Kwenye kiatu kilicho wazi hujaa upesi.

Kufukiza udi ni raha ya nyumba, na nguo zinanukia. Viatu vikifukizwa vikiwa vibichi vitanukia udi juu na uvundo chini.

Mchana

Anayetawadha kazini anaosha miguu mara mbili au tatu kabla ya jua kuzama, na mara nyingi anarudisha soksi kwenye mguu wenye maji kwa sababu ya haraka. Kitaulo kidogo mfukoni, cha kukaushia katikati ya vidole, kitaokoa soksi nyingi kuliko dawa yoyote. Ukiweza, kaa dakika chache miguu wazi kabla ya kuvaa.

Wavaaji wa gambuti na buti za ulinzi wabebe jozi ya pili na kubadilisha katikati ya zamu. Mpira haupumui, jasho halina pa kwenda. Ile iliyotoka itundikwe mahali penye upepo, isiingie mfukoni mwa suruali. Mwendesha bodaboda naye ana upepo wa bure siku nzima. Kinachomlowesha ni madimbwi, na mfuko wa plastiki ndani ya kiatu haumsaidii, unamchemsha tu.

Ukinunua na ukishona

Pamba tupu inanyonya vizuri lakini inachelewa kukauka. Pamba iliyochanganywa na nailoni au poliesta hudumu zaidi kwa mtu anayetembea. Vuta shingo ya soksi karibu na sikio: lastiki iliyooza hutoa mlio wa kukatikakatika, jambo la kawaida kwenye mitumba iliyokaa. Ingiza mkono, tazama kisigino dhidi ya mwanga. Pitisha kidole kwenye mshono wa mbele. Ukiwa mnene utasikia kiatuni. Kisha nunua zote za rangi moja na aina moja, ili moja ikifa, iliyobaki ipate mwenzake. Masika kila jozi hukaa siku mbili kabla ya kuwa tayari, kwa hiyo jozi tano au sita ndizo zinazokuwezesha kutovaa mbichi.

Kata kucha, usitembee ndani na soksi tupu, kung'uta kiatu kila jioni. Kisigino kikianza kupauka na kuonyesha mwanga, shona hapohapo, kabla ya tundu. Ingiza chungwa gumu au balbu iliyoungua, pitisha uzi kwenda na kurudi kama anayesuka mkeka, anza na kumaliza nje kidogo ya sehemu iliyochoka. Usifunge fundo, acha ncha ndefu uipitishe kati ya nyuzi. Fundo chini ya kisigino ni lengelenge la kesho.

Viatu vya sherehe

Kiatu kilichotunzwa kwenye boksi kwa ajili ya harusi hutoa aibu yake siku ya harusi. Soli nyingi laini za chini ya kiatu ni za poliyurethani, na unyevu wa hewa huzivunja polepole hata kama hazijakanyaga ardhi. Baada ya miaka kadhaa zinamomonyoka vipandevipande. Hali ni hiyohiyo kwa mitumba: kabla ya kulipa, kunja kiatu na ubonyeze soli kwa kucha, uone kama inabaki na alama au kutoa unga. Nyumbani kitoe kwenye boksi, kisiguse ukuta wa nje, kivae mara mojamoja. Ukungu ukionekana kwenye ngozi, upige brashi nje ya nyumba, futa kwa siki na maji nusu kwa nusu, kausha kivulini, ndipo upake dawa ya viatu. Ukipaka kabla hakijakauka umefungia unyevu ndani.

Kama ni fangasi

Miwasho, ngozi nyeupe inayobambuka katikati ya vidole, au vishimo vidogo kwenye unyayo: nenda duka la dawa au kituo cha afya. Krimu ya klotrimazoli hutibu fangasi wengi wa vidoleni, lakini itumike siku zote ulizoelekezwa hata mwasho ukikoma, na vishimo vya unyayo huwa vya bakteria, vina dawa yake. Mwenye kisukari asisubiri hata siku moja.

Ukitibu mguu bila kutibu soksi, ugonjwa unarudi. Changanya maji yaliyochemka na ya bomba nusu kwa nusu, utapata nyuzi joto 60 hivi. Zamisha soksi za pamba na soli za jinzi, koroga kwa kijiti, funika mpaka yapoe, kisha fua kama kawaida. Lastiki itaumia kidogo, lakini hapa afya inatangulia. Soli ya sponji iliyovaliwa wakati wa ugonjwa ibadilishe.

Hata bila ugonjwa, kila soli ina mwisho wake: ukibonyeza kisigino kwa kidole gumba kisirudi juu, kitambaa kikikunjamana chini ya vidole, au harufu ikirudi siku ileile uliyoiosha. Kabla hujaitupa, chora umbo lake kwenye kadibodi, andika namba ya kiatu, uhifadhi kwa ajili ya kukatia soli ijayo.